Simu Ikivunjika, Usinunue Jina, Nunua Miaka

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mkazi wa Dar es Salaam hanunui kitu kwa pupa kama anavyonunua simu siku ile simu yake ilipovunjika. Imedondoka kwenye ngazi ya daladala pale Mbagala Rangi Tatu, au imeponyoka mfukoni juu ya bodaboda kati ya Tegeta na Bunju, na kioo kimekuwa kama utando wa buibui. Jioni ile ile mwenyewe yuko dukani Kariakoo au Makumbusho, mkononi ana fedha za kuazima, mbele yake zimepangwa simu ishirini zinazong'aa, na muuzaji anamwambia, "Bosi, hii ndiyo habari ya mjini." Wiki hii nataka tuzungumze juu ya namna ya kuchagua mbele ya kabati lile, maana fedha inayopotea pale si ndogo, na mara nyingi ni ya mtu ambaye hana nyingine.

Kwanza kabisa tuiulize haraka yenyewe. Inatoka wapi? Inatoka kwenye ukweli kwamba simu siku hizi ni zaidi ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na wenzake wakafuata, simu imekuwa pochi, daftari la madeni na mahali pa kupokelea oda. Mama anayeuza chakula Tandika analipwa kwa simu, ananunua mchele kwa simu na anatuma ada ya mtoto kwa simu. Simu ikifa anaona biashara nayo imekufa.

Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Fedha yako haimo ndani ya simu. Imo katika hesabu za kampuni, na imefungwa kwenye namba ya laini yako. Toa laini kwenye simu iliyovunjika, itie kwenye kitochi chochote cha kuazima, piga *150*00# ya M-Pesa, au *150*60# ya Airtel Money, au *150*01# ya ile iliyokuwa Tigo Pesa na ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas, nawe utaziona fedha zako zimetulia. Huduma hizo hazihitaji intaneti wala simu janja. Kwa hiyo kitochi cha kuazima kinakununulia wiki moja ya kufikiri. Mnunuzi asiye na haraka ni mtu mgumu kumdanganya, na muuzaji analijua hilo kuliko wewe.

Jambo la pili ni kuuliza kama simu imekufa kweli. Kuna kioo cha juu, na kuna skrini yenyewe iliyo chini yake. Kama picha bado inaonekana vizuri na vidole vinasikika, huenda kilichopasuka ni kioo cha juu peke yake, na hiyo ni kazi ndogo kuliko kubadili skrini nzima. Simu isiyokubali chaji huenda imeharibika tundu la chaji tu. Simu inayozima mchana wa saa nane huenda imechoka betri tu, kwa sababu betri za aina hii hupungua nguvu kila zinapochajiwa na kutumika, na joto huzimaliza upesi zaidi. Mwulize fundi bei kabla hajaifungua, na mwulize kama kipuri ni halisi au ni kopi. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: matengenezo yakifika nusu ya bei ya simu mpya ya kiwango kile kile, achana nayo, yakiwa chini ya hapo, tengeneza. Ila betri iliyovimba usibishane nayo. Izime simu, usiichaji tena, maana betri ya namna hiyo inaweza kushika moto.

Na kabla hujamwachia fundi yeyote simu yako, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Fundi anahitaji simu. Namba yako na picha za familia yako hazimhusu.

Haya, tuseme imethibitika kwamba ni lazima ununue nyingine. Hapo ndipo ubishi wa majina unapoanza. Huyu anaapa kwa Tecno, yule kwa Infinix, wa tatu anasema itel ndiyo simu ya mwananchi. Watu wanagombana vijiweni kama Simba na Yanga. Ukweli ni kwamba hao watatu ni watoto wa baba mmoja. Wote ni mali ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, Uchina, iliyoanzishwa mwaka 2006, ikajijengea jina Afrika kwa simu za laini mbili, na mwaka 2019 ikaingia katika soko la hisa la Shanghai. Vivyo hivyo Redmi ni jina la kampuni ya Xiaomi. Tena zote hizo, pamoja na Samsung, huendeshwa na Android ya Google. Kwa hiyo anayebisha Tecno na Infinix ni kama anayebishana mtoto yupi wa nyumba ile ile ni bora. Huenda wanatofautiana kweli, lakini jina la ukoo halitakupa jibu.

Je, tutazame nini badala ya jina? Mimi naona ni mambo matatu.

La kwanza ni nafasi. Chukua mfano wa jiko la mama lishe. Lina meza ya kukatia na lina stoo. Stoo ya simu ndimo zinamokaa picha, nyimbo na programu. Meza ni ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo wauzaji huiita ramu. Stoo ikiwa kubwa na meza ndogo, simu itakwama kila ukifungua mambo mawili kwa pamoja. Sasa soma maboksi kwa makini. Utakuta limeandikwa GB 8 kwa maandishi makubwa, na pembeni kwa maandishi madogo 4+4. Maana yake meza halisi ni GB 4, na hizo 4 nyingine zimeazimwa kutoka stoo. Zinasaidia kidogo, lakini kukata vitunguu kwenye sakafu ya stoo si sawa na kukatia mezani. Kwa mtu wa kawaida anayetumia WhatsApp, ramani na malipo, meza halisi ya GB 4 na stoo ya GB 64 ndicho kiwango cha chini ambacho ningekubali kukilipia; GB 128 itakupa kupumua.

La pili ni vipuri. Simu iliyozagaa mitaani ina kioo chake kwa kila fundi, kuanzia Mwananyamala hadi Chamazi. Simu nzuri lakini ya ajabu, iliyoletwa na mjomba kutoka ng'ambo, ikipasuka kioo itakaa kabatini miezi ukitafuta kipuri. Kabla ya kununua, pita kwa fundi wa mtaani kwako umwulize swali moja tu: skrini ya simu hii unayo, na ni shilingi ngapi? Jibu lake lina thamani kuliko tangazo lolote la barabarani.

La tatu, ambalo wengi hawalijui kabisa, ni umri wa programu. Simu inaweza kufa ikiwa na afya njema. Mwaka 2019 Vodacom ilileta simu iliyoitwa Smart Kitochi, yenye mfumo wa KaiOS, na watu wakafurahi kupata WhatsApp kwenye simu ya vitufe. Mnamo Juni 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa wanaoanza upya kwenye mfumo huo, na mwanzoni mwa 2025 ikakatika hata kwa waliokuwa nayo. Betri nzima, vitufe vizima, lakini kazi iliyomfanya mtu ainunue imeondoka. Hali kadhalika, Oktoba 2023 WhatsApp ilianza kuhitaji Android namba 5 au zaidi, na tangu Mei 2025 haifanyi kazi kwenye iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus. Mtu anayeuziwa leo iPhone 6 "safi kabisa" ameuziwa ganda.

Pamoja na hayo kuna masahihisho ya usalama, ambayo mtengenezaji hutuma ili kuziba matundu wanamopenyea wezi. Kwa simu iliyobeba fedha zako hilo si jambo la anasa. Makampuni hutofautiana sana hapa. Samsung ilitangaza mwaka 2024 kwamba Galaxy A16 itapata masahihisho kwa miaka 6. Simu nyingi za bei ya chini hupewa muda mfupi zaidi. Muulize muuzaji ahadi ya simu hii ni miaka mingapi, na miaka hiyo ihesabu tangu simu ilipotoka kiwandani. Simu iliyotoka miaka mitatu nyuma, hata kama boksi halijafunguliwa, imekwisha kula sehemu ya umri wake.

Sasa tuje kwenye mtumba. Wako watu wenye hoja nzuri wanaosema, badala ya simu mpya dhaifu, ni heri kununua Samsung au iPhone kubwa iliyotumika. Hoja hiyo siikatai, mradi usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kulipa fanya majaribio manne. Bonyeza *#06#, zitokee tarakimu 15 za utambulisho wa simu, uzilinganishe na zile za kwenye boksi na za kwenye mipangilio. Tutakumbuka kwamba Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi waliamka na simu isiyoshika mtandao ingawa walilipia fedha halali. Jaribio la pili, mwambie muuzaji aifute simu irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha aiwashe mbele yako. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, iache hapo hapo. Ama imeibwa, ama itakuwa jiwe mkononi mwako. Tatu, tia laini yako, piga, pokea, fungua intaneti. Nne, tazama hali ya betri; iPhone huonyesha katika mipangilio asilimia iliyobaki, na ikiwa chini ya 80, ongeza bei ya betri mpya juu ya bei uliyotajiwa.

Upo pia ule mtindo wa kulipa kidogo kidogo. Wenzetu wa Kenya waliuona mwaka 2020, Safaricom na Google walipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mteja akalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Hapa kwetu nako mipango ya namna hiyo imeenea. Imewasaidia wengi, sitaki kuibeza. Lakini piga hesabu nzima kabla ya kutia sahihi. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 350,000. Kwa mkopo unatanguliza 60,000 na kulipa 1,500 kila siku kwa mwaka 1. Zidisha 1,500 kwa siku 365, upate 547,500, ongeza kianzio, jumla 607,500. Hiyo 257,500 ya ziada ndiyo bei ya kukosa fedha leo. Tena simu hizo hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa, na itafungwa siku ile ile biashara ilipokuwa mbaya na ulipoihitaji kuliko siku zote. Kama jirani au kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinaweza kukuazima taslimu, anzia huko.

Mwisho, hesabu inayokusanya yote niliyoyasema. Gawanya bei kwa miezi unayotarajia simu idumu. Simu ya 150,000 itakayokwama baada ya miezi 10 inakugharimu 15,000 kwa mwezi. Simu ya 300,000 itakayokwenda miezi 30 inakugharimu 10,000 kwa mwezi. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Lakini hesabu hiyo hiyo hukata pande zote mbili: simu ya 1,200,000 itakayodumu miezi 48 ni 25,000 kwa mwezi, na kama kazi yako ni kupiga, kupokea malipo na kutuma picha za bidhaa, basi 15,000 ya kila mwezi unailipia kamera na sifa. Na kama kazi yako ni kupiga na kutuma fedha tu, kitochi kile ulichoazima huenda ndicho jibu, na salio ukaongezee mtaji.

Ukishanunua, dai risiti ya mashine ya EFD na karatasi ya udhamini yenye mhuri, na uulize ofisi ya matengenezo iko wapi. Fahamu kwamba udhamini kwa kawaida haugusi kioo kilichopasuka wala maji, kwa hiyo kava na kioo cha kinga vinunue siku hiyo hiyo. Andika zile tarakimu 15 kwenye daftari la nyumbani, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, muuzaji akikuuliza unataka simu gani, usimtajie jina. Mwambie unataka miaka mitatu ya kufanya kazi, na akuonyeshe simu itakayokupa miaka hiyo kwa fedha uliyo nayo. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.