Tende za Futari na Mgonjwa wa Figo



Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu kwa mashine, aghalabu mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne hivi kila mara. Wakati uliobaki yuko mikononi mwetu, na hatari yaweza kuwamo katika sahani tunayompakulia kwa mapenzi.

Miongoni mwa chumvichumvi za damu imo potasiamu, inayosaidia kuendesha mapigo ya moyo. Kiwango chake cha kawaida ni kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Figo nzima hutoa ziada kwa mkojo. Ziada hiyo ikibaki mwilini, misuli hulegea, na moyo waweza kusimama bila onyo. Ikipungua mno, kwa mfano mgonjwa akiharisha, moyo pia huvurugika.

Tazama basi futari yetu. Tende tatu kubwa za Medjool zina takriban miligramu 500 za potasiamu. Bilauri ya maji ya dafu nayo yakaribia hapo. Ongeza muhogo wa nazi, ndizi na maharage. Hata chumvi mbadala ya madukani mara nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Muuguzi humpima mgonjwa uzito na shinikizo la damu, na kufuatilia majibu ya damu. Daktari huagiza maji ya mashine yanayomfaa. Lakini huenda muuguzi hajui mapishi ya kwetu. Mwelezeni mgonjwa anakula nini na kiasi gani. Muhogo na viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Kufungua kwa funda la maji kwatosha. Na mgonjwa anayo ruhusa ya sharia kutofunga. Amwone daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama.

Pengo la siku mbili bila mashine ndilo la kuogopwa zaidi. Theluji ya Januari 2016 ilisimamisha treni zote za Metro hapa Washington tarehe 23 na 24. Utabiri ukitangaza theluji, pigeni simu kituoni mkaulize kama mgonjwa aweza kusafishwa mapema. Akilegea miguu, au mapigo ya moyo yakienda kombo, msingoje asubuhi: pigeni 911, na mtaje mara moja kwamba ni mgonjwa wa mashine ya figo.