Kangaja Si Samaki wa Milo Miwili

Watu wengi wanaofuga samaki wa mapambo wa maji ya bahari huwalisha kwa ratiba yao wenyewe: asubuhi kabla ya kwenda kazini, jioni wakirudi. Kinachotiwa tangini ni kamba wadogo wa kugandishwa au punje za dukani, na samaki wote huja juu kwa pupa. Kwa samaki wawindaji utaratibu huo hauna neno. Kwa kangaja ni njaa ya polepole, tena njaa isiyoonekana upesi, maana na yeye hukimbilia chakula hicho kama wenzake. Kangaja wa samawati, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, anaishi kwenye miamba ya pwani yetu, na wako wanaosafirishwa wakiwa hai kutoka Kenya hadi nchi za ng'ambo. Kwa wafugaji ana sifa ya kuwa samaki dhaifu. Ni kweli kwamba maradhi ya madoa meupe humpata kirahisi, lakini naona sehemu kubwa ya udhaifu huo tunamtengenezea wenyewe kwa namna tunavyomlisha, na kosa letu limo katika muda wa kula kama lilivyo katika aina ya chakula.

Tazama anavyoishi baharini. Anaanza kudonoa mwani mfupi ulioota juu ya mawe kunapopambazuka, na haachi mpaka giza linapoingia. Mwani huo umejaa maji na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo njia pekee ya kushiba ni kula kidogo kidogo bila kukoma. Utumbo wake ni mrefu na umejikunja mara nyingi, umeumbwa kupokea mzigo mwepesi unaopita mfululizo. Kuna pia wapangaji wanaoishi humo. Mwaka 1985 watafiti walieleza kiumbe mkubwa ajabu kutoka matumboni mwa kangaja wa Bahari ya Shamu, ambaye baadaye alipewa jina Epulopiscium. Alikuwa na urefu wa zaidi ya nusu milimita, hata wakadhani hawezi kuwa bakteria. Mwaka 1993 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba ni bakteria hasa. Bakteria wa jamii hiyo wako pia kwa puju, ndugu wa kangaja mwenye miiba kwenye shina la mkia, na katika jamaa hii wako wengi ambao sehemu ya nguvu yao hutokana na vijidudu vinavyochachusha mwani katika utumbo wa nyuma. Kumnyima samaki wa namna hiyo mwani ni kuwanyima chakula na wasaidizi wake.

Wavuvi wetu hawakuhitaji darubini kulijua hilo. Anayetega dema kwa ajili ya tasi, samaki mwingine mla mwani, hutia mwani kuwa chambo, kwa sababu tasi haingii kwa kufuata kipande cha nyama kama changu. Wakulima wa mwani wa Unguja, kwenye fukwe kama Paje na Jambiani ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989, wanamjua tasi kwa hasara: hufika shambani maji yakijaa na kung'ata ncha changa za mwani uliofungwa kwenye kamba. Tasi na kangaja wote hutegemea mwani, na tangini mahitaji yao yanafanana sana.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya haya ni ya protini: kwamba majani hayajengi mwili, na kwamba samaki anayepewa kamba hukua haraka zaidi. Hoja hii inachanganya mwani na mboga za nchi kavu. Ule mwani mwekundu uliokaushwa kwa umbo la karatasi nyembamba, ambao Wajapani hufungia wali, unaweza kuwa na protini inayofikia theluthi ya uzito wake. Mwani mwekundu una pia asidi za mafuta za omega-3 zenye mnyororo mrefu, kama EPA, ambazo majani ya nchi kavu kwa kawaida hayana. Hapo ndipo saladi, kipenzi cha wafugaji wengi, inapoanguka: inajaza tumbo maji na kumpa samaki shughuli, basi. Sisemi kamba wapigwe marufuku. Kangaja wa mwituni naye humeza wadudu wadogo waliojificha ndani ya mwani. Lakini humeza pamoja na mwani, kwa kiasi kidogo, na mlo mzito wa nyama kila siku huishia kuwa mafuta yanayolundikana kwenye ini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: tangi linalolishwa kutwa litachafuka, naitreti na fosfeti zitapanda, na matumbawe yataumia. Kwa kamba na punje ni kweli kabisa. Karatasi ya mwani iliyobanwa kwenye kioo, hata hivyo, haizami wala haitawanyiki ovyo, na kilichobaki jioni kinatolewa kwa mkono. Wako wanaojibu kwamba mwani unaoota wenyewe tangini unatosha. Kwa wiki za kwanza, labda. Kangaja mmoja mwenye afya huyaacha mawe ya tangi la nyumbani yakiwa meupe, na baada ya hapo anadonoa mawe matupu huku mwenye tangi akifurahia usafi.

Nikiri pia kwamba chakula hakielezi kila kitu. Kwa miaka mingi, kulika kwa ngozi ya kichwani na kwenye mstari wa ubavuni kulihesabiwa kuwa dalili ya upungufu wa vitamini tu. Jaribio lililofanyika katika bustani ya wanyama ya Toledo, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba makaa ya kuchujia maji yanaweza kuleta vidonda hivyo kwa kangaja. Kwa hiyo anayeona mashimo usoni mwa samaki wake aangalie chujio pia, asiongeze vitamini peke yake.

Utendaji wake si mgumu. Mwani uwe mtupu, usio na chumvi ya kuongezwa, mafuta wala viungo. Ubanwe karibu na mawe tangu taa zinapowaka, na kama kangaja ni zaidi ya mmoja, vibanio viwe viwili mbali mbali, maana mbabe hulinda kimoja. Kagua mgongo kuliko tumbo. Tumbo lililobonyea hujaa baada ya siku chache za kula vizuri, lakini nyama ya mgongoni ikikonda, kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, kuirudisha ni kazi ya wiki nyingi. Mgeni kutoka dukani ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwani kabla ya safari huachishwa kula ili asichafue maji ya mfuko, na huenda amepita mikononi mwa wauzaji kadhaa. Huyo awekewe mwani siku ileile ya kwanza. Asipougusa ukiwa kwenye kibanio, ufungwe juu ya jiwe kwa mpira, kwa sababu huko baharini hakuwahi kuona mwani ukining'inia kwenye kioo.