Ana Futi Kamba?

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, zote na wazazi: "Mwanangu ana kipaji cha kuchora, anataka usanifu majengo. Nimnunulie kompyuta gani?" Zamani nilikuwa nikijibu kwa adabu. Siku hizi nauliza: ana futi kamba?

Imani iliyoushika mji ni kwamba anayejua programu ya 3D ndiye msanifu. Vijana wanakuja ofisini na picha zinazong'aa: bwawa la kuogelea, gari la kifahari uani, jua la machweo likiwaka kwenye vioo. Mwezi uliopita mmoja aliniletea ghorofa ya namna hiyo. Nikamwomba anionyeshe ngazi. Sakafu hadi sakafu mita 3, ngazi imenyooka, vidato 12. Piga hesabu: kila kidato sentimita 25. Hiyo si ngazi, ni mnazi! Mguu wa mtu hupanda kwa raha sentimita 17 hivi. Ina maana vidato 18, na kwa mkanyago wa sentimita 28 ngazi inakula karibu mita 5 za sakafu. Yeye aliitengea mita 3. Kompyuta haikumuuliza bibi yake atapandaje, kwa sababu kompyuta hupokea lolote unaloiingizia na kulirembesha. Na vile vioo vya magharibi, visivyo na upenu hata wa nusu mita, vitaigeuza sebule tanuri kila alasiri. Kwenye picha jua halichomi.

Nikampa penseli achore ngazi ya nyumba anayoishi. Akashindwa. Anaipanda kila siku, hajawahi kuhesabu vidato vyake.

Nikisema haya naambiwa nimepitwa na wakati, eti majengo ya ajabu duniani yamezaliwa na kompyuta. Jørn Utzon alishinda shindano la jumba la opera la Sydney mwaka 1957 kwa michoro ya mkono. Zaha Hadid alivuma mwaka 1983 kwa michoro ya rangi ya The Peak, Hong Kong, jengo ambalo halikujengwa kamwe. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipobuni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoroke. Wanakijiji wasiosoma ramani aliwachorea mchangani. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker. Na kama Burkina Faso ni mbali, nenda Kariakoo ukatazame soko la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, mapaa yake ya zege kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, yakikinga mvua badala ya kuitema. Hilo lilikuwa jaribio hasa, na halikuanzia kwenye skrini.

Basi, mnunulie nini mwanao? Kwa haraka, maana nafasi inaisha. Daftari dogo la kuingia mfukoni, penseli ya 2B, futi kamba ya mita 5. Kila siku kitu kimoja: genge la nyanya, kiti cha daladala, mlango wa jirani, achore, apime, aandike vipimo pembeni. Ajue shubiri yake ni sentimita ngapi. Akifika Lamu au Mji Mkongwe apime upana wa vyumba vya nyumba za mawe, ajiulize kwa nini ni vyembamba, kisha atazame juu aone urefu wa boriti. Maboksi na gundi vinatosha kutengenezea vielelezo. Kompyuta ije baadaye. Blender na FreeCAD ni za bure, kwa hiyo asiniletee programu za wizi. Na ramani ya kuombea kibali isainiwe na msanifu aliyesajiliwa, si binamu mwenye kipaji.

Yule kijana amerudi juzi. Vidato 18, ngazi imekunjwa katikati, choo kimehamishiwa chini yake. Nimepima: anayesimama chooni anagonga kichwa. Nimemrudisha tena.