Nyumba za usasa za Upanga

Nyumba za usasa za Upanga ni nyumba za makazi zilizojengwa katika eneo la Upanga, jijini Dar es Salaam, Tanzania, hasa katika miaka ya 1950 na 1960. Nyingi ni za ghorofa moja au mbili na zina mistari iliyonyooka, paa bapa au lenye mteremko mdogo, mabamba ya zege yanayochomoza juu ya madirisha, kuta za matofali yenye matundu na sakafu za terazo. Zilijengwa wakati viyoyozi vilikuwa adimu majumbani. Kwa hiyo umbo lenyewe la nyumba ndilo lililopewa kazi ya kupunguza joto.

Leo nyumba hizo zinapungua kwa sababu ardhi ya Upanga, iliyo karibu na katikati ya jiji, imepanda thamani na maghorofa marefu yanachukua nafasi zao.

== Maana ya usasa ==

Katika usanifu majengo, neno "usasa" halimaanishi kitu kipya tu. Ni jina la mtindo ulioanza Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wasanifu wake waliacha mapambo ya kale kama nguzo za Kigiriki na nakshi za plasta. Walitaka umbo la jengo litokane na matumizi yake na vifaa vilivyotumika, yaani zege, chuma na kioo. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa mwaka 1919 mjini Weimar, Ujerumani, ilichangia sana kueneza mawazo hayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtindo huo ulienea katika nchi za joto. Hapo ilionekana kwamba nyumba yenye kuta za kioo iliyofaa Ulaya yenye baridi ingegeuka tanuri karibu na ikweta. Wasanifu wakaanza kuubadilisha mtindo ili ufae mazingira. Mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew, wasanifu Waingereza waliofanya kazi Afrika Magharibi na India, walitoa kitabu kuhusu ujenzi katika maeneo ya joto lenye unyevu. Tawi hili la mtindo huitwa usasa wa tropiki, na nyumba za Upanga ni mfano wake katika pwani ya Afrika Mashariki.

== Historia ya eneo ==

Upanga iko kaskazini-magharibi mwa kitovu cha jiji, kabla ya kufika daraja la Salenda kwa anayeelekea Oysterbay. Leo imegawanyika katika kata mbili, Upanga Mashariki na Upanga Magharibi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko Upanga Magharibi.

Mji wa Dar es Salaam wa wakati wa ukoloni uligawanywa kwa rangi za watu. Utaratibu huo ulianza chini ya Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza kwa kanuni za ujenzi: kila sehemu ya mji ilikuwa na kiwango chake cha nyumba. Wazungu walikaa Uzunguni na baadaye Oysterbay, Wahindi walikaa katikati ya mji penye maduka, na Waafrika walipangiwa Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, ulizungumzia wingi wa nyumba katika eneo badala ya rangi, lakini matokeo yake hayakutofautiana sana na ya zamani.

Idadi ya watu wenye asili ya Asia ilipoongezeka, nyumba za ghorofa zilizo juu ya maduka ya katikati ya mji hazikutosha. Upanga ikawa eneo lao jipya la makazi. Mikopo ilisaidia sana. Tarehe 10 Agosti 1946 Aga Khan III, kiongozi wa Waismaili, alipimwa uzito wake kwa almasi jijini Dar es Salaam katika kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wake. Fedha zilizotokana na maadhimisho hayo zilisaidia kuanzisha mfuko wa uwekezaji uliowakopesha waumini mitaji ya biashara na fedha za kujengea nyumba. Jina la ukumbi wa Diamond Jubilee, ulioko Upanga, linakumbusha tukio hilo.

Hivyo uzuri wa nyumba hizi hauwezi kutenganishwa na ubaguzi uliopanga nani akae wapi. Wakati Upanga ilipata viwanja vyenye bustani, mabomba ya maji na barabara pana, familia nyingi za Kiafrika ziliishi chumba kimoja kimoja katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo.

== Jua na upepo ==

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, likiwa na kimo cha takriban digrii 60 kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, likiwa na kimo cha takriban digrii 73.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mabamba ya zege juu ya madirisha si mapana sana. Dirisha lenye urefu wa mita 1.2 linaloelekea kaskazini huhitaji bamba la sentimita 70 hivi ili lipate kivuli chote adhuhuri ya Juni. Dirisha kama hilo likielekea kusini huhitaji sentimita 36 tu kwa adhuhuri ya Desemba. Hali ni tofauti upande wa magharibi. Kufikia saa kumi na nusu alasiri jua huwa limeshuka hadi karibu digrii 30, na dirisha hilohilo lingehitaji bamba la mita 2 hivi. Kwa sababu hiyo msanifu makini aliweka madirisha makubwa kaskazini na kusini. Upande wa magharibi aliweka ukuta usio na dirisha, ngazi, stoo au bafu.

Jambo la pili ni upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki takriban Desemba hadi Machi, na kusi kutoka upande wa kusini takriban Aprili hadi Oktoba. Mchana huongezeka upepo unaotoka baharini. Katika hewa yenye unyevu mwingi jasho halikauki upesi, na hewa inayotembea ndiyo inayoleta nafuu. Ili upepo upite ndani, chumba kinahitaji matundu pande mbili, moja la kuingilia na jingine la kutokea. Chumba chenye dirisha moja tu hubaki na joto hata kama dirisha ni kubwa.

== Sehemu za nyumba ==

Anayepita katika mitaa ya Upanga anaweza kuzitambua nyumba hizi kwa sehemu zifuatazo:

* Matofali yenye matundu: hutumika kwenye ngazi, baraza, jiko na uwa. Hupitisha hewa na mwanga, huzuia jua kali na huficha walio ndani wasionekane kutoka barabarani. Kazi hii si ngeni pwani, kwani vizuizi vya mbao vyenye matundu katika nyumba za zamani za Zanzibar na Mombasa vilifanya kazi hiyohiyo.
* Madirisha ya luva: vipande vya kioo au mbao vinavyofunguka kwa mshazari. Yakifunguliwa, karibu eneo lote la dirisha hupitisha hewa, na mvua nyepesi haiingii kwa urahisi.
* Matundu ya juu: nafasi ndogo karibu na dari zinazotoa hewa moto, kwa kuwa hewa ikipata joto hupanda.
* Baraza na roshani: hukinga ukuta wa nyumba dhidi ya jua na kutoa mahali pa kukaa jioni.
* Sakafu ya terazo: mchanganyiko wa saruji na vipande vidogo vya mawe uliosagwa mpaka ukang'aa. Hubaki baridi mguuni na hudumu kwa miongo mingi.
* Nondo za madirisha na mageti: mafundi wa kuchomelea walizitengeneza kwa maumbo ya duara, miale ya jua au mistari ya mshazari, na mara nyingi mchoro wa nyumba moja haufanani na wa jirani.

Nyumba hizi zina kasoro pia. Paa bapa la zege hupokea jua kutwa nzima na kuendelea kutoa joto usiku. Lisipotunzwa huvuja wakati wa masika. Aidha, hewa ya chumvi kutoka baharini hupenya kwenye zege jembamba na kuozesha nondo.

== Wasanifu na mafundi ==

Msanifu anayekumbukwa zaidi katika mtindo huu jijini ni Anthony Almeida. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 katika familia yenye asili ya Goa, akasomea usanifu Bombay, India, kisha akarudi kufanya kazi katika mji aliozaliwa. Maktaba Kuu ya Taifa na kanisa la pamoja la Wakristo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa kazi zake.

Baada ya uhuru kanuni zilezile ziliendelezwa na Beda Amuli (1938-2016), mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Soko la Kariakoo alilolisanifu katika miaka ya 1970 lina paa la zege linalofanana na miavuli iliyogeuzwa, ambalo hukusanya maji ya mvua huku pande za jengo zikipitisha hewa.

Nyumba nyingi za Upanga, hata hivyo, hazina jina la msanifu linalojulikana. Zilitokana na ramani za wachoraji, makandarasi na mafundi waashi walioiga, kurekebisha na kubuni. Saruji ilikuwa ikiagizwa kutoka nje. Kiwanda cha Wazo, nje kidogo ya Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966.

== Baada ya mwaka 1971 ==

Mwezi Aprili 1971 serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Jengo lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakuishi ndani yake liliweza kuchukuliwa na serikali, na lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia unyonyaji wa kupangisha nyumba. Kwa familia nyingi za Kiasia ilikuwa kupoteza akiba ya maisha, na wengi walihama nchi. Kwa wapangaji wapya, wakiwemo watumishi wa umma Waafrika, ilikuwa mara ya kwanza kuishi katika sehemu ya mji iliyokuwa imefungwa kwao.

Majengo yaliyotwaliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1962. Hivyo nyumba moja ya Upanga inaweza kubeba kumbukumbu za familia mbili: iliyoijenga na iliyolelewa ndani yake kama mpangaji.

== Ulinganisho na nyumba za jangwani ==

Nyumba maarufu zaidi za mtindo wa usasa wa katikati ya karne ya 20 ziko Palm Springs, mji wa jangwani katika jimbo la California, Marekani. Huko Richard Neutra alisanifu nyumba ya Kaufmann mwaka 1946, na kampuni ya ujenzi ya Alexander ilijenga zaidi ya nyumba 2,000 katika mji huo na bonde lake. Kwa macho zinafanana na za Upanga: paa bapa, vivuli vipana na matofali yenye matundu.

Tofauti iko katika hewa. Jangwani hewa ni kavu na usiku hupoa sana. Nyumba hufungwa mchana, na mashine za kupoza hewa zilienea huko mapema. Dar es Salaam hewa ina unyevu na usiku haupoi sana, hivyo nyumba inabidi iwe wazi usiku na mchana.

Palm Springs inatoa mfano mwingine. Nyumba zilizowahi kuonekana za kizamani sasa zinathaminiwa, na tangu mwaka 2006 hufanyika wiki maalumu ambapo wageni hulipa kuzitembelea. Barani Afrika, mji wa Asmara nchini Eritrea, wenye majengo mengi ya usasa ya miaka ya 1930, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017.

== Mabadiliko na uhifadhi ==

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa endapo litatangazwa rasmi. Nyumba ya mwaka 1955 haina kinga hiyo mpaka itangazwe. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo imerahisisha uuzaji wa nyumba moja moja ndani ya ghorofa. Mwenye kiwanja cha nyumba moja anaweza kupata nyumba kadhaa za kuuza. Uhaba wa makazi jijini ni wa kweli, na hoja ya kujenga kwenda juu ina uzito.

Baadhi ya nyumba zilizobaki zimebadilishwa: matofali yenye matundu yamezibwa, baraza zimegeuzwa vyumba, na luva zimeondolewa ili kuweka madirisha ya alumini na viyoyozi. Kituo cha urithi wa usanifu cha DARCH, kilichoko katika jengo la Boma la Kale, kimekuwa kikielimisha umma kuhusu majengo ya jiji.

== Funzo kwa ujenzi wa leo ==

Dar es Salaam inapanuka kuelekea mkoa wa Pwani, na viwanja vinajengwa Kibaha na Kisarawe, ikiwemo katika kata kama Kibuta. Dirisha la alumini la kusukuma lenye vioo viwili hufunguka nusu tu ya eneo lake, na paa lisilo na upenu mpana huacha ukuta upigwe na jua. Anayejenga huko anaweza kutumia kanuni za Upanga bila kuiga umbo lake: kuelekeza madirisha kaskazini na kusini, kuweka matundu pande mbili za kila chumba inapowezekana, kurefusha upenu na kupanda mti upande wa magharibi. Mengi ya hayo huamuliwa kwenye ramani, kabla msingi haujachimbwa. Bili ya umeme ya kiyoyozi, kinyume chake, huja kila mwezi.

== Tazama pia ==

* Dar es Salaam
* Upanga Mashariki
* Upanga Magharibi
* Kariakoo
* Asmara