Gari Likigoma Mai Mahiu, Usianze na Giaboksi

Barabara ya zamani inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, na kikanisa walichokijenga kando yake mwaka 1942 bado kimesimama. Dereva hunusa breki za malori kabla hajaufikia mji. Mwenye Mercedes-Benz W123 ya gia otomatiki, gari lililoundwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, huteremka hapo akiwa ameshusha wenzo kwenye gia ya chini ili injini isaidie kulizuia gari.

Wapo wasemao gia otomatiki ni laini mno kwa barabara zetu. Katika Safari Rally ya 1979, Hannu Mikkola alimaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta, akiendesha Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 yenye gia otomatiki. Giaboksi hizi ni ngumu. Kinachochoka mapema ni swichi na nyaya zake.

Chukua gari lililozimwa kituoni wenyewe wakinywa chai. Ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka, stata kimya. Mtu wa kwanza kuinama atasema giaboksi imekufa.

Mara nyingi haijafa. Ubavuni mwake kuna swichi inayofuata mwendo wa wenzo. Huruhusu umeme ufike kwenye stata wenzo ukiwa P au N tu, na huwasha taa za rivasi ukiwa R. Kwa hiyo jaribio la kwanza halitaki chombo chochote: kanyaga breki, peleka wenzo N, washa. Likiwaka hapo lakini likagoma P, huenda swichi imesogea, au bushi za plastiki za fito za gia zimelika, wenzo ukaonyesha P huku giaboksi haijafika. Bushi hizo ni kitu kidogo sana kulinganisha na kufumua giaboksi nzima.

Likigoma kote kuwili, pima betri na vichwa vyake, kisha chukua taa ya kupimia. Magurudumu yawekewe mawe, breki ya mkono ivutwe, mtu mmoja ashikilie ufunguo kwenye kuwasha. Umeme ukiingia kwenye swichi na usitoke, ubovu uko ndani yake. Ukitoka, fuata waya hadi kwenye stata.

Swichi nyingine iko chini ya kanyagio la mafuta. Hii ndiyo inayoagiza gia ishuke mguu ukikandamizwa hadi mwisho, na ikifa, gari hujikokota kwa gia kubwa katika mwinuko wa kurudi Limuru. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kandamiza hadi chini, sikiliza mlio mdogo wa "tak" kutoka kwenye giaboksi. Usipousikia, anza na fyuzi, halafu swichi, halafu waya na athi.

Vumbi la huku hujipenyeza kwenye viungio, na joto la ekzosi hukausha plastiki ya waya mpaka ikapasuka. Waya mpya upitishwe mbali na ekzosi na ufungwe imara. Usitumie waya mwembamba wa redio. Wa stata hubeba umeme mwingi, na milimita za mraba 2.5 ndicho kipimo kinachofaa.

Lipo kosa moja lisilosameheka: kuunganisha nyaya mbili za stata moja kwa moja na kuiacha swichi ikining'inia. Gari litawaka, ni kweli, lakini litawaka hata likiwa kwenye D, na litaruka mbele hata kama mbele yake kuna mtu.

Basi ukienda kununua gari la namna hii, tafuta uwanja mtupu, kanyaga breki kwa nguvu, weka wenzo D, kisha zungusha ufunguo. Stata ikijibu, usilipe hata senti kabla swichi haijarudishwa kazini.