Kumcheka Mnafiki Bila Kuicheka Sala

Iko aina ya mchezo wa kuigiza isiyohitaji upanga, mzimu wala mfalme. Yatosha sebule, wageni wachache, na watu wanaojitahidi kuonekana wema au wakubwa kuliko walivyo. Ndiyo futuhi ya mienendo. Humo hatumcheki mtu aliyeteleza akaanguka, bali yule anayeshika adabu zote za nje huku moyo wake ukienda njia nyingine.

Mfano unaotugusa sisi watu wa Kanisa ni wa Mfaransa Molière. Mchezo wake Tartuffe, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mnafiki, ulichezwa kwanza Versailles mwaka 1664 mbele ya Mfalme Louis wa 14, ukapigwa marufuku. Mwaka 1667 Askofu Mkuu wa Paris alitishia kuwatenga na Kanisa wote watakaouigiza, kuusoma au kuusikiliza. Uliruhusiwa mwaka 1669.

Mwenye nyumba, Orgon, amemkaribisha kwake Tartuffe, mtu ajifanyaye mchamungu. Orgon anaporudi safarini, mtumishi wa kike anamweleza kwamba mkewe alishikwa na homa. Yeye anauliza: Tartuffe je? Anaambiwa mama hakuweza kula. Anauliza tena habari za Tartuffe. Huyo alikula akashiba, akalala fofofo, na bado Orgon anamwonea huruma! Hakuna tusi lililotamkwa, lakini watu hawana mbavu. Tartuffe mwenyewe anapotokea, jambo la kwanza, mara tu amwonapo mtumishi yule, ni kuagiza kwa sauti vazi lake la toba na mjeledi wake vikahifadhiwe.

Hofu ya Askofu Mkuu haikuwa ya kijinga. Mchamungu wa kweli naye hupiga magoti, na kwa mbali wawili hao hufanana. Molière alijibu katika dibaji yake kwamba alitumia sehemu mbili nzima kumwandaa mtazamaji kabla mwovu hajaingia, ili asiwepo wa kumdhania mtu mwema. Kweli, Tartuffe haonekani hadi sehemu ya tatu. Kwa maoni yangu jibu hilo linatosha: tashtiti ya haki humwonyesha mtazamaji wazi ni nini kinachochekwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona jambo hili mapema. Katika Summa, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 168, anafundisha kwamba mzaha wenye kiasi ni fadhila, na kwamba asiyecheka kamwe na kuwakatiza wengine furaha yao ana kasoro. Lakini katika swali la 75 anaonya juu ya dhihaka: kumdhihaki Mungu ni kubaya kupita kote, kisha wazazi, kisha watu wema.

Wazee wetu hawakusoma Summa, ila walikuwa na utani. Babu humtania mjukuu na mjukuu humrudishia. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja hata msibani akawaigiza wafiwa, na hakuna anayekunja uso, kwa sababu uhusiano unajulikana. Asiye mtani akifanya vile vile, ni ugomvi.

Basi anayetunga igizo la parokia huku Susuni asikose malighafi. Yupo mjomba kwenye kikao cha mahari anayesema ng'ombe si kitu, huku akizihesabu kwa vidole chini ya meza. Yupo kijana aliyekaa Mwanza miezi mitatu akasahau Kikurya. Yupo msomaji anayekwenda kwenye mimbari polepole ili suti ionekane. Ila asiguse kilema, umaskini wala lafudhi ya mtu, na mhusika asifanane na jirani fulani hata kanisa zima likageuka kumtazama.

Akikosa pa kuanzia, aanze na sisi waseminari. Frateri yuko likizoni, anamfafanulia bibi yake tofauti ya dutu na sifa, na bibi anamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha anamuuliza kama kuni ameshapasua.