Kabla ya kujenga mnara, keti uhesabu



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza ni nani ataanza kazi hiyo bila kwanza kuketi na kupiga hesabu ya gharama. Asipofanya hivyo ataweka msingi, fedha itamwishia, na wapita njia watamcheka. Angalia vizuri: Yesu hasemi kwamba kujenga mnara ni kosa. Hamkatazi mtu kutamani kilicho juu. Anachodai ni kuketi kwanza.

Leo naomba tuketi na vijana wetu wanaocheza mpira wa kikapu, na wazazi wao pia. Hapa Nyarugusu mchezo unaotawala ni soka, lakini simu zimeifikisha NBA ya Marekani hadi kwenye maduara ya dhahabu. Kijana wa kidato cha tatu akirefuka kidogo, wenzake wanaanza kumwita Hasheem. Baadaye anatokea mtu wa kusema anayo njia ya kumpeleka Marekani, na mama anaanza kuwaza kama auze ng'ombe. Hapo ndipo hesabu inapohitajika, kabla ng'ombe hajafika mnadani.

Basi tuhesabu. NBA ina timu 30. Kila mwaka hufanya drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya, kwa raundi mbili. Hizo ni nafasi zisizozidi 60. Katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo vya Marekani kuna vyuo zaidi ya 350, kila kimoja na timu yake ya kikapu. NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, chenyewe kimekuwa kikiwaeleza vijana ukweli: kati ya wachezaji wa kiume wa vyuoni waliofikia sifa za kuchaguliwa, anayechaguliwa ni karibu mmoja kwa kila mia. Na nafasi hizo si za wanafunzi wa Marekani peke yao. Mwaka 2023 aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa Victor Wembanyama, kijana kutoka Ufaransa.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, yule anayekaribia kuhitimu, hesabu ni ngumu zaidi. Sisi tungedhani kwamba aliyevumilia mpaka mwisho ndiye atakayepewa kipaumbele. Sivyo. Wakubwa wa timu hupenda umri mdogo, kwa sababu kijana wa miaka 19 wanamhesabia miaka mingi ya kukua, na wa miaka 22 wanamwona kama tunda lililokwisha kuiva. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2022, kila aliyechaguliwa wa kwanza alikuwa amecheza chuoni mwaka mmoja tu. Wa mwisho kuchaguliwa wa kwanza akiwa mwaka wa nne alikuwa Kenyon Martin, mwaka 2000.

Mlango haujafungwa kabisa. Draymond Green alicheza miaka yote minne katika chuo cha Michigan State, akachaguliwa wa 35 mwaka 2012, na baadaye akatwaa ubingwa mara nne na Golden State. Lakini mlango ni mwembamba, na wengi wanaobisha wanarudi.

Tumtazame na wa kwetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Alicheza miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Taifa lilifurahi, na lilikuwa na haki. Hata hivyo, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishushwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, na baada ya misimu mitano NBA ikawa nyuma yake. Aliendelea kuucheza mchezo huo kwingine, ikiwamo Japani na Taiwan. Simwoni kama aliyeshindwa. Amefika ambako hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake. Ninachokuomba uone ni hiki: hata aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka wake, alikuwa bado na maisha marefu ya kuishi nje ya uwanja ule.

Wapo watakaonijibu kwa methali kwamba mshika mbili moja humponyoka. Anayetaka mpira aache kitabu. Ninawaelekeza kwa jirani yetu, Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichoanzishwa na Wajesuiti, akiwa na nia ya kuwa daktari. Kocha John Thompson akamwona na kumwingiza kikosini. Hakuacha masomo. Mwaka 1991 alihitimu isimu na diplomasia, na mwaka huohuo Denver ikamchagua wa nne. Alicheza misimu 18. Mama yake alipofariki, baada ya kushindwa kufikishwa hospitali kwa sababu ya machafuko ya Kinshasa, mwana huyo alijenga hospitali yenye vitanda 300 na kuipa jina la mama, Biamba Marie Mutombo. Udaktari hakuupata, lakini wagonjwa wamepata mahali pa kutibiwa. Alifariki Septemba 2024, na hospitali ile inabaki kuwa ushuhuda wake.

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Duara likitema, kama tunavyosema huku shimo linapotoa dhahabu, habari inafika Katoro na Geita mjini kabla ya jua kuzama. Kila mtu analijua jina la aliyepata. Lakini waliochimba miezi mingi wakatoka na kifusi hakuna anayewatangaza. Wanarudi nyumbani kimya, wengine wakiwa na madeni, wengine wakiwa waliacha shule darasa la sita. Kijana anayesikia habari za waliopata tu hujifunza hesabu isiyo sahihi. Ndivyo ilivyo na kikapu: tunatazama picha za mmoja, na wale 99 hatuwaoni.

Kwa hiyo, mwanangu unayecheza, cheza. Kimo na mikono hiyo ni zawadi ya Mungu. Usiifukie ardhini kama yule mtumishi mwoga aliyefukia talanta ya bwana wake. Lakini kichwa pia ni zawadi yake. Mpira ukikufungulia mlango wa chuo, hapa nchini au nje, chuo chenyewe ni tunzo, si chumba cha kusubiria NBA. Chukua shahada. Zipo pia ligi nyingine za kulipwa, na Afrika sasa tuna ligi yetu, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021.

Mzazi, usiuze ng'ombe kwa ahadi. Chuo kinachomtaka mwanao kwa ufadhili kina jina, anwani na barua unayoweza kumpelekea mwalimu mkuu aisome. Anayekuharakisha utoe fedha leo, mwambie arudi kesho mbele ya mashahidi. Nawe kocha, ukimwona kijana mwenye kipaji, muulize matokeo ya mtihani kabla ya kuuliza mabao.

Na yule ambaye jina lake halitatajwa, hapa nyumbani wala kule Marekani, asikie neno hili. Timu huchagua kwa kimo, kasi na umri. Mungu alikuita kwa jina lako siku ya ubatizo, na hakuna raundi ya pili inayoweza kukuacha nje. Ukiketi na kuhesabu vizuri, unaweza kugundua kwamba mnara uliopewa kujenga ni darasa, zahanati au nyumba yenye amani. Huo nao unahitaji msingi, na msingi huo unauweka sasa, ukiwa bado shuleni.

Nawatakia Dominika njema.